Baba Yake Bibi Hakurudi Vitani: Nianzie Wapi Kumtafuta?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mtu wa Wete, asili yetu Kojani. Baba yake bibi yangu, yaani bibi mzaa baba, alikuwa mvuvi, akachukuliwa vitani na Waingereza na hakurudi, wala haikufika nyumbani barua yake wala mshahara. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba alifia Bama, yaani Burma, ambayo leo ni Myanmar. Bibi mwenyewe hakumjua baba yake. Wengine wanasema alikuwa bado yumo tumboni, wengine wanasema ndiyo kwanza anatambaa. Mtoto wake wa kwanza ni shangazi yangu mkubwa, yuko hai, naye alizaliwa katika Vita vya Pili, miaka ile mchele ulipoadimika. Ami yangu anayo medali ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mtu uchi amepanda farasi, lakini hatuna hakika ni ya marehemu au ya nduguye. Nimelitafuta jina katika orodha za waliokufa vitani kwenye intaneti, sikulipata. Nianzie wapi?

Jibu: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu, na akulipe kheri kwa kumkumbuka.

Tuanze na Bama, maana ndiko kulikokupoteza. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana Bama mwaka 1944 na 1945. Wajapani waliiteka nchi ile mwaka 1942, na mchele wake, ambao Unguja na Pemba zikiutegemea sana, ukakatika. Ndiyo miaka hiyo aliyozaliwa shangazi yako. Sasa fanya hesabu: ikiwa shangazi alizaliwa 1942 au 1943, na yeye ni mtoto wa kwanza, basi wakati huo bibi ni mke wa mtu. Baba yake hawezi kuwa amekwenda Bama akamwacha tumboni. Alikwenda katika vita vilivyotangulia, vya 1914 hadi 1918, ambavyo wazee wakiviita vita vya Mjerumani. Jina la Bama liliingia baadaye. Waliorudi baada ya 1945 walirudi na hadithi nyingi za huko, na katika nyumba nyingi za Pemba kila aliyepotea vitani, wa vita vyovyote, akahesabiwa amefia Bama. Usiwalaumu wazee. Walilihifadhi lile kubwa, kwamba alikwenda na hakurudi.

Medali ya ami yako inasema hivyo hivyo. Mpanda farasi aliye uchi, pembeni yake mwaka 1914 na 1918, na kichwa cha Mfalme George wa Tano upande wa pili: hiyo ni Medali ya Vita ya Uingereza, ya vita vya kwanza. Ya fedha ndiyo waliyopewa wengi, na baadhi ya vikosi vya kazi walipewa ya shaba. Muombe ami akuruhusu uitazame ukingo wake, ule unene wa pembeni, si uso. Medali hizi zilichorwa ukingoni namba ya mtu, cheo, jina na kikosi, kwa herufi ndogo sana. Ishike karibu na dirisha wakati wa asubuhi, jua likiwa linaingia ubavuni, uizungushe polepole huku mwenzako akiandika. Piga picha ya simu kwa karibu, vipande vipande, mpaka uumalize mzunguko. Na tafadhali, msiisugue kwa jivu na ndimu. Nyumba nyingi hufanya hivyo kabla ya sikukuu ili ing'are, na kila msuguo unakula herufi. Kitambaa kikavu kinatosha. Medali za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuandikwa majina kwa askari wetu, kwa hiyo mmebahatika kuwa na hii.

Jina la ukingoni litakwambia kama medali ni yake au ya nduguye. Ukikuta herufi za K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, mtu huyo alikuwa askari wa keya. Hapo safari yako ni nyepesi kidogo. Zanzibar ilikuwa na askari wake, na mwaka 1917 waliunganishwa na wale wa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikitwaa Januari 1915, wakawa msingi wa Batalioni ya 7 ya KAR. Orodha za waliopewa medali ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya alama WO 329, na shajara za vita za vikosi ziko chini ya WO 95. Shajara hizo hazitaji majina ya askari weusi kila mara, lakini zinasema kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hilo peke yake linaweza kukwambia alikofia. Kama mnayo picha yake amevaa tarbushi, tazama tarakimu iliyo mbele, ndiyo ya batalioni yake: baadhi ya vikosi vya KAR vilitumia tarakimu za Kiarabu.

Ila mimi sidhani kama alikuwa askari. Mtu wa Kojani, mvuvi, amechukuliwa na wala hakujiandikisha mwenyewe, hana barua, hana mshahara uliofika nyumbani: maelezo haya ni ya mpagazi. Jeshi la Mwingereza katika vita vile lilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Malori yalizama kwenye matope, ng'ombe na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na chakula, risasi na majeruhi vikabebwa na watu. Zanzibar ilikuwa na kikosi chake cha wapagazi. Aliyekianzisha na kukiongoza mwaka 1916 alikuwa Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, ambaye alipewa cheo cha meja na kufuatana nao pwani ya bara, katika msafara ulioishia Dar es Salaam, mji uliotekwa Septemba 1916. Kambi za wapagazi wa vita vile, kwa Kiingereza Carrier Corps, ndizo zilizoacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Barua na kumbukumbu za misheni yake ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Marehemu wenu alikuwa Muislamu, usizipuuze kwa sababu hiyo. Humo ndimo ilimoandikwa habari ya kikosi cha Weston kwa karibu.

Hapa kuna jambo la Kojani hasa. Wakojani ni watu wa dago. Wanakwenda na vyombo vyao Tanga, Mombasa, Mafia, wanakaa huko miezi. Muulize shangazi: marehemu alichukuliwa akiwa kijijini, au alichukuliwa dago? Ikiwa alikutwa Mombasa mwaka 1917, basi aliingia katika ule uandikishaji mkubwa wa nguvu wa Kenya uliosimamiwa na John Ainsworth, na kumbukumbu zake utazitafuta Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, wala si Unguja. Kikosi cha wapagazi cha huko kiliongozwa na Oscar Watkins, ambaye alijitahidi kumpa kila mpagazi namba na kumwandika kwa wilaya yake. Kwa hiyo jibu la swali moja la shangazi linaweza kukuokolea nauli ya kwenda mji usiohusika.

Umesema umetafuta jina katika orodha za waliokufa ukalikosa. Wala usidhani kwamba hakufa, au kwamba hakwenda. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa hesabu za serikali yenyewe, wanapita 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu wa pwani waliozoea wali na muhogo walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, wakitembea juani na mvuani, na matumbo yakawamaliza. Baada ya vita walijengewa sanamu za pamoja Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, lakini majina yao hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Inaelekea baba yake bibi yako yumo katika hao.

Ndiyo maana nakushauri ugeuze upande wa kutafutia. Umekuwa ukimtafuta yeye aliyeondoka, katika makaratasi ya jeshi lililomchukua bila kumwandika. Watafute waliobaki. Yeye alikuwa na mke, mtoto, ndugu, labda mikarafuu, labda chombo. Mtu akiondoka asirudi, sheria yetu haiwezi kukaa kimya juu yake, na penye hukumu ndipo penye karatasi.

Muulize shangazi kama mama yake bibi aliolewa tena, na aliolewa lini. Nina hakika utapata jibu, maana watu hawasahau baba wa kambo. Akiwa aliolewa tena, basi kuna mtu alihukumu kwamba ndoa ya kwanza imekwisha. Mke wa mtu aliyepotea, ambaye hai haijulikani na maiti haijulikani, haolewi hivi hivi. Anakwenda kwa kadhi. Wakati ule palikuwa na makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi, na wote wakitambuliwa na serikali. Kadhi anasikiliza mashahidi: nani alimwona mara ya mwisho, wapi, alirudi nani katika wenziwe na alisema nini. Ushahidi wa namna hiyo una thamani kuliko safu nzima ya majina ya jeshi, kwa kuwa unataja mahali na mtu aliyeshuhudia. Baada ya hapo mke alikaa eda, na tarehe ya eda inakupa tarehe iliyokubalika ya kufa.

Kisha mirathi. Kama alikuwa na shamba, hata la mikarafuu kumi, liligawiwa. Na mahali popote palipogawiwa mirathi pameandikwa warithi: mke, binti, mama kama alikuwa hai, ndugu wa baba mmoja. Binti peke yake hachukui mali yote, nusu ndiyo yake, na baada ya fungu la mke na la mama, kama yupo, kilichobaki kinakwenda kwa asaba, yaani ndugu wa kiume au watoto wao wa kiume. Hapo ndipo utakapojua majina ya watu ambao familia imeshawasahau. Gazeti Rasmi la Serikali ya Zanzibar lilikuwa likichapisha matangazo ya mirathi, na majalada ya mahakama mengi yamehifadhiwa katika Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, Unguja. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ina kumbukumbu za zamani; ikiwa katika ukoo wenu kuna shamba la wakfu, anzia huko.

Tena kuna suala la mshahara. Wapagazi wengi waliokufa hawakulipwa, na warithi wao hawakulipwa baada yao. Hii ni dhulma inayojulikana na imeandikwa. Lakini dhulma hiyo ilizaa barua. Familia zilikwenda kwa sheha, sheha akampelekea mudiri, yaani afisa wa serikali wa eneo lile, mudiri akaandika kwa wakubwa zake kuuliza habari za mtu fulani wa mji fulani. Barua kama hizo zinaingia katika mafaili ya Sekretarieti, ambayo pale Kilimani alama yake ni AB.

Ukienda Kilimani, katika Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, nenda na kitambulisho, daftari na penseli, na usiingie na swali la "namtafuta babu yangu". Mtunza nyaraka hawezi kulifanyia kazi swali hilo, kwa sababu mafaili hayakupangwa kwa majina ya watu. Omba mafaili ya wapagazi na ya vita kati ya 1916 na 1920, omba ya Pemba ya miaka hiyo, omba ya mishahara isiyodaiwa. Uwe na subira ya kufungua faili moja la kurasa mia kwa ajili ya mstari mmoja. Na uandike nyuma ya kila nakala alama ya faili na tarehe siku hiyo hiyo. Nimeona watu wana picha mia mbili kwenye simu wasizojua zimetoka wapi.

Kabla hujaondoka nyumbani, kaa uandike jina la marehemu kwa kila namna ambayo Mzungu asiyejua Kiswahili angeliandika. Khamis ni Hamisi, Hamis, Amisi, Kamis. Shaame ni Shame na Shami. Hamad anageuka Ahmed au Mohamed. "Bin" inakuwa "B." au inapotea, na jina la baba linashikwa kama la mtoto. Wete katika makaratasi ya zamani utaikuta Weti, na Kojani mara nyingi haitajwi, inatajwa wilaya tu. Kwenye nafasi ya kabila usitegemee kuona Mpemba. Unaweza kukuta Mswahili, Mshirazi, au neno ambalo karani aliliona linamfaa. Usilikatae jina kwa sababu ya kabila lililoandikwa pembeni yake. Lipime kwa jina la baba, kwa mji, na kwa mwaka, na vitatu hivyo vikikubaliana ndipo useme ni yeye. Kikikubaliana kimoja tu, liweke pembeni kwa alama ya kuuliza.

Mazungumzo na shangazi yafanye kwanza, hata kabla ya medali. Usimuulize mwaka, wazee hawakuishi kwa tarakimu. Muulize kwa matukio. Mama yake alipozaliwa, ilikuwa baada ya manowari kuzamishwa bandarini Unguja? Hiyo ni Pegasus, iliyopigwa na meli ya Kijerumani, Königsberg, tarehe 20 Septemba 1914, na mizinga yake ilikuwa hadithi visiwani kwa miaka. Ilikuwa kabla au baada ya yale maradhi ya mafua yaliyoua watu ulimwengu mzima mwaka 1918? Alipofariki bibi mzaa bibi, vita vya ng'ombe vya 1951 vilikuwa vimeshapita? Mrekodi kwa simu kwa ruhusa yake, umwache azungumze hata akitoka nje ya mada, kwa maana jina la mjomba aliyerudi kutoka kwenye safari hiyo hiyo linaweza kutoka katikati ya habari ya harusi. Ukimaliza, mwombe akuoneshe msahafu wa zamani wa nyumbani, kama upo. Wazee wetu wakiandika vizazi na vifo kwenye kurasa za mwanzo, kwa hati za Kiarabu na tarehe za Hijria. Picha hiyo mpelekee mwalimu wa chuo cha Kurani akusomee.

Jambo moja nakuomba ulipokee kwa moyo mpana. Katika mafaili ya miaka ile utakutana na habari za utumwa. Ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na kizazi kilichokwenda vitani mwaka 1916 kilizaliwa na watu walioujua kwa macho yao. Unaweza kukuta mtu wa ukoo wenu ameandikwa kwa asili ambayo hamkuitegemea, kwenye upande huu au ule. Tena kuna wazee ambao ukiwauliza habari za jeshi na makaratasi wananyamaza, kwa sababu ya yaliyotokea 1964. Kunyamaza huko kuheshimu. Yale yanayogusa hadhi ya mtu aliye hai, yapeleke kwanza kwa wakubwa wa ukoo, wala usiyatie kwenye kundi la WhatsApp la familia usiku ule ule uliyoyapata.

Kwa wasomaji wengine ambao wao mzee wao kweli alikwenda katika Vita vya Pili, kazi ni nyepesi zaidi. Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ina majina mengi ya askari wa Afrika Mashariki wa 1939 hadi 1945, mara nyingine pamoja na jina la baba na wilaya. Waliofia Bama bila kaburi wametajwa katika ukumbusho wa Rangoon ulioko Taukkyan. Waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki ndani yake, watafutwe katika ukumbusho wa Nairobi. Kama picha yake ina alama ya kichwa cha kifaru begani, alikuwa Divisheni ya 11, na hiyo kweli ilipigana Bama.

Nirudi kwako. Kukosekana kwa jina la mzee wenu kunaweza kurekebishwa. Tume inapokea majina mapya ya vita vya kwanza ikiwa mambo mawili yamethibitishwa: kwamba mtu alikuwa katika utumishi wa jeshi, na kwamba alikufa kwa sababu ya utumishi huo, au akiwa ndani yake, kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Hadithi ya nyumbani peke yake haitoshi. Ila hukumu ya kadhi inayosema alikufa akiwa mpagazi, au barua ya mudiri inayouliza mshahara wake, ni karatasi ya wakati ule ule, imeandikwa na mwenye mamlaka, na ina uzito. Kwa hiyo ukiipata Kilimani, usitosheke na picha ya simu. Omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, ambatanisha tafsiri kama imeandikwa kwa Kiarabu, andika jina kama familia inavyolitamka pamoja na namna zote lilivyoandikwa, kisha uwapelekee.